Msumari Juu ya Meko ya Gus Talty

Jumapili ile padri alikata mahubiri katikati, kwa kuwa Clare, timu ya kwao, walikuwa wanacheza fainali na yeye mwenyewe hakutaka kuikosa redioni. Kwa hiyo Dympna Honan alifika kwa Mzee Sinon Lillis mapema kuliko kawaida yake, na huko kufika mapema ndiko kulikoleta yote.

Kila Jumapili misa ikiisha, Dympna humpitia mzee kwa gari na kumpeleka baa ya Gus Talty, ambako wapigaji muziki wa kijiji cha Carrowbane hukaa kuuzunguka moto tangu mchana mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Yeye hupiga kodiani ndogo, ile ya vifungo inayoshikwa viganjani. Siku nyingine za juma huuza chakula cha mifugo kwenye duka la ushirika. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono ya kazi na ulimi usiolala, na katika kile kikao cha Jumapili yeye ndiye nahodha. Akianza wimbo wengine hufuata, akifunga kodiani yake watu hutafuta kofia. Mzee Sinon hupiga fidla. Ameipiga tangu kabla baba yake Dympna hajaoa, na katika upande ule wote wa magharibi ukimtaja Sinon hakuna anayekuuliza Sinon yupi.

Dympna alizima gari langoni. Mbwa hakubweka, jambo la ajabu, maana mbwa yule hubwekea hata mvua. Akakatiza uani mpaka mlango wa jikoni, ule wa vipande viwili, na kipande cha juu kilikuwa wazi. Hapo akaisikia fidla.

Mzee alikuwa anapiga Mjane wa Kilfarna. Huo ni wimbo wa polepole, wa maombolezo, alioupata kwa shangazi yake Honor, naye Honor aliupata kwa fundi bati mmoja mpita njia aliyelala zizini kwao usiku wa baridi. Nyimbo za kuchezea dansi ni za wote, mtu huingia atakapo. Wimbo wa namna hii ni wa mtu mmoja. Hupiga peke yake, na wenye adabu hunyamaza.

Dympna aliinua mkono abishe hodi, mkono ukabaki hewani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu mkewe Kitty, kofia kichwani, mbwa miguuni pake. Hakuwa na haraka hata kidogo. Uta ulikwenda juu ya nyuzi kwa mwendo wa mtu anayerudi kwao kwa njia aizoeayo. Aliishika sauti, akaizungusha kidogo, akaiachia kabla sikio halijaichoka. Wapigaji wa siku hizi hutia madoido kila kona, mfano wa mpishi asiyejua kupika anayemwaga pilipili ili usijue. Sinon alitia doido moja tu, pale mjane anapofika ukingoni mwa maji, na hilo moja lilitosha.

Kisha akafika pale penyewe.

Pale ndipo alipokwama siku ya kumzika Kitty, miaka miwili iliyopita. Alikuwa anapiga wimbo huu huu kanisani, mbele ya jeneza, uta ukasimama, wimbo ukakatika, na kanisa zima likainamisha macho kutazama viatu. Dympna alikuwa karibu, kodiani yake mapajani. Akaingia, akaushika wimbo ulipoangukia, akaupeleka mpaka mwisho. Watu walimshukuru mpaka wakamchosha. Umemsitiri mzee wetu, walimwambia. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi: Sinon akianza tu kwa Gus, wote huingia kwa pamoja, filimbi, banjo, kodiani, na fidla mbili za kina Marrinan, ili mzee asije akaanguka tena mbele za watu. Walifanya kwa mapenzi. Na kwa mapenzi hayo hayo waliziingilia hata nyimbo za polepole, ambazo babu zao wasingethubutu kuzigusa.

Sasa Dympna, pale mlangoni, alijikaza akimsubiri akwame. Na kweli uta ulisimama. Mzee alikuwa anakitazama kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichopinda na kukauka, kisichotaka tena kushuka kwenye uzi. Hakukilazimisha. Alingoja tu. Alingoja kama vile mjane mwenyewe amesimama pale kwenye maji, anafikiri aende au arudi. Halafu akaingia kwa uzi wa chini, ule mnene, kwa njia ambayo wimbo ule haukuwahi kupita, akaumaliza huko huko chini taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia na sasa anaongea.

Dympna alijikuta anafuta macho, naye si mtu wa kulia ovyo. Wimbo huu aliujua tangu utotoni, na aliona ndiyo kwanza anausikia. Wazo lililofuata lilimchoma: kwa miaka miwili wamekuwa wakiufukia kwa kelele zao.

"Utasimama hapo mpaka uote mizizi?" mzee aliuliza bila kugeuka. "Ingia. Mbwa alishakuona zamani, ila leo hana hamu ya kugombana."

"Samahani, Mzee Sinon. Padri kafupisha."

"Fainali hiyo. Leo hata angekufa askofu, angezikwa mbio mbio."

Dympna alifungua kipande cha chini cha mlango, akaingia. "Pale mwisho, ulivyopita chini," alisema. "Umepatoa wapi?"

"Kidole kimegoma." Mzee alikiinua akionyeshe, kama anamtambulisha ndugu mkorofi. "Nami siwezi kukifukuza kazi, tumezaliwa pamoja. Basi tumepatana. Chenyewe kipumzike, mimi nitafute njia nyingine."

Alikuwa anaiweka fidla kwenye sanduku lake. Aliifunika kwa kitambaa cha kichwa cha Kitty, akakibana pembeni kwa uangalifu uliozidi kawaida, halafu akalipiga sanduku kofi dogo.

"Haya. Nimekwisha kuiaga."

"Umeiaga vipi?"

"Kwani Gus hajakwambia? Kapigilia msumari juu ya meko. Leo naitundika. Kachongesha na kibao cha shaba chenye jina langu, watalii wapate cha kupiga picha."

Dympna alikaa bila kukaribishwa. "Unaumwa, mzee?"

"Siumwi."

"Basi nini?"

"Dympna, mwanangu, hebu nikuulize. Mara ya mwisho kunisikia pale kwa Gus ilikuwa lini?"

"Kila Jumapili si tupo na..."

"Sikusema kuniona. Nimesema kunisikia."

Dympna aliinama, akamkuna mbwa sikio.

"Nikianza tu, mnanivamia," mzee alisema, wala hakusema kwa hasira. "Filimbi huku, banjo kule. Mimi mwenyewe sijisikii. Nauvuta uta tu ili nisionekane nimelala. Mtu anayetembea hujikwaa, akainuka, akaendelea. Anayebebwa na watu sita hajikwai, kweli. Lakini huyo ni maiti."

"Tulidhani tunakusaidia."

"Najua. Ndiyo maana nikanyamaza. Mtu akikutukana, utamjibu. Akikuhurumia, utamwambia nini?"

"Nitawaambia leo hii. Nitawaambia wakae kimya wakusikilize."

"Thubutu!" Sasa hasira ilikuja. "Uwaambie nini? Mwacheni mzee apige, maskini ya Mungu, siku zake zimebaki chache? Bora mnitundike mimi kwenye huo msumari. Hapana. Nilishamwahidi Gus, naye kaandaa sandwichi za paja la nguruwe. Nipe mkono niinuke."

Njiani Dympna aliendesha, na mzee akasinzia au akajifanya kusinzia. Fidla ilikuwa kiti cha nyuma. Dympna alijua kitakachoipata, maana alikwisha kuziona nyingine kwenye kuta za baa. Fidla ikikaa juu ya moto hukauka, kifua hupasuka, na baada ya hapo ni pambo, haina tofauti na sahani ya ukutani. Na ule mwisho wa Mjane wa Kilfarna, walioujua yeye na mbwa tu, ungekwenda kaburini na mwenyewe. Jambo hili lilikuwa lizuiwe leo, kabla ya chai, na lizuiwe bila yeye kusema kitu, kwa sababu akisema tu itakuwa huruma juu ya huruma. Alizungusha akili yake kila upande. Walipofika kwa Gus alikuwa bado hana kitu.

"Karibu shujaa wetu!" Gus Talty alitangaza kutoka nyuma ya kaunta. Ni pande la mtu, mwenye moyo mkubwa kuliko busara, na nyundo alikuwa bado hajairudisha mahali pake. "Tazama, mzee. Msumari wa inchi nne. Huu utabaki hata baa ikianguka."

Msumari ulikuwa unang'aa kwenye ukuta uliopakwa weusi na moshi. Chini yake palikuwa na kibao: SINON LILLIS, MPIGA FIDLA. Watu walimpa mzee mkono mmoja mmoja, wakamketisha kwenye kiti cha mbele, wakamletea wiski ambayo hakuiagiza. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa kwa adabu.

Walipiga kidogo kabla ya mpira. Sinon aliitoa fidla yake, akaanza wimbo mmoja wa dansi, na hapo hapo wakamwangukia kama kawaida. Mbele alikuwa Fintan Keely wa filimbi, mtu mpole mwenye pumzi za farasi. Dympna alitazama uta wa mzee ukienda na kurudi, akajaribu kuitafuta sauti yake mle ndani, asiipate. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Kodiani yake ilikuwa ndiyo inayosikika kuliko zote.

Kisha redio. Clare walifungwa, kwa ustadi ule ule wa miaka yote, na Gus akaizima kabla mtangazaji hajamaliza kuwapongeza washindi.

"Basi," alisema, "kabla hatujatundika, tuimbe kidogo tuondoe nuksi. Peig, tuanzie kwako."

Peig Marrinan, dada mkubwa kati ya wale wawili wa fidla, alifumba macho akaimba wimbo wa mabaharia, na baa yote ikanyamaza. Hata waliokuwa wanaagiza bia waliagiza kwa vidole. Ndivyo ilivyo pale. Mwimbaji akianza huachiwa nyumba, na akimaliza ana haki ya wito: humtaja amtakaye, na aliyetajwa hutoa alicho nacho, awe mwimbaji au mpigaji, peke yake mpaka mwisho. Wahenga walisema usikatae wito, kataa neno. Kwa Gus hata neno halikataliwi, na kumwingilia aliyeitwa ni utovu wa adabu ambao wajukuu zako watasimangwa nao.

Dympna alikuwa anausikiliza wimbo wa Peig nusu nusu. Ghafla akausikia wote. Hakuna aliyekuwa akimwingilia Peig.

"Peig," alisema, mara ubeti wa mwisho ulipokwisha. "Niite mimi."

"Nikuite upige nini?"

"Siyo kupiga. Niimbe."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu vicheko vikalipuka. Dympna Honan hakuimba. Shuleni mtawa wa kwaya alimwomba achezeshe midomo tu, na hilo lilijulikana mpaka parokia ya pili.

"Nani kafa?" aliuliza Fintan.

"Bado, lakini subiri kidogo," Gus alisema. "Mke wangu! Toa maziwa humo ndani yasije yakaganda!"

"Cheka, Gus," Dympna alisema. "Ninyi chekeni tu. Peig, unaniita au huniiti?"

"Haya, namwita Dympna Honan," Peig alisema, "na Mungu atusamehe sote."

Dympna alisimama. Mikono haikujua ikae wapi bila kodiani. Alijipiga moyo konde, akaanza wimbo wa baba yake, ule wa mkulima aliyemuuza punda sokoni na punda akamtangulia kurudi nyumbani. Aliuanza juu mno. Kwenye ubeti wa pili alilazimika kushuka, na aliposhuka alipita alipokusudia. Yalikuwa ni mateso. Fintan aliuma skafu ya shingoni mwake, na mwanamume mmoja pale kaunta alitazama dari kwa kitambo kama anaikadiria bei. Lakini sheria ni sheria. Hakuna aliyesema neno wala kugusa chombo. Dympna aliimba beti zote, hakuruka hata mmoja, akamfikisha punda nyumbani, akasimama akitokwa jasho.

"Una moyo, Dympna," sauti moja ilisema kutoka mlangoni. "Hilo halina ubishi."

"Nina haki yangu ya wito?" Dympna aliuliza.

"Unayo," Gus alisema, "tena tumeilipia kwa masikio."

"Namwita Sinon Lillis. Mjane wa Kilfarna."

Mzee aliinua uso. Walitazamana yeye na Dympna, na Dympna akaogopa, kwa sababu hakujua bado kama amemheshimu au amemtega. Mzee aligeuka akautazama msumari. Kisha midomo yake ikatikisika pembeni kidogo.

"Kaniita," alisema kuwaambia wengine. "Sina la kufanya."

Akakaza uta wake, akaupitisha kwenye ulimbo mara mbili tatu ili ukamate nyuzi, akaanza.

Filimbi zilikuwa mapajani. Banjo ilikuwa sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu maziko ya Kitty, sauti ya fidla ya Sinon ilitembea peke yake ndani ya chumba kile, nyembamba, kavu kidogo pembeni, isiyojificha. Watu walianza kusogea mbele vitini bila kujijua. Ile sauti haikuwa na nguvu ya zamani, wala haikujidai kuwa nayo. Ilisema jambo moja, ikapumzika, ikasema lingine. Mjane alipofika ukingoni mwa maji, pale penye doido moja, Peig Marrinan aliguna kwa sauti ndogo, na baa nzima ilimsikia.

Kisha uta ukasimama.

Mazoea ni kitu kibaya. Mkono wa Fintan ulikwisha kuinuka, filimbi ikafika mdomoni, pumzi imevutwa, mtu mwema anakimbia kumdaka mzee wake. Dympna aliweka kiganja chake juu ya vidole vya Fintan, akakiacha hapo. Fintan alimtazama kwa hofu. Dympna alitikisa kichwa.

Gus alisimama na gilasi mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili. Donge la udongo mkavu wanaouchoma badala ya kuni lilianguka motoni likatoa cheche. Mzee alikitazama kidole chake, na safari hii watu hawakutazama viatu, walitazama kidole. Dympna alikuwa anaomba, naye haombi sana hata kanisani.

Sauti ikaingia kwa chini, kwenye uzi mnene.

Fintan alishusha filimbi polepole. Uso wake ulibadilika, na Dympna aliyajua yaliyokuwa yakipita pale, kwa sababu yalimpita yeye asubuhi. Mzee aliupeleka mwisho wake mpya bila papara, akaikata sauti ya mwisho fupi, kama mtu anayefunga mlango bila kuubamiza.

Wimbo wa namna ile haupigiwi makofi. Mtu mmoja alisema, "Sinon." Mwingine akasema, "Mungu auhifadhi mkono huo." Peig alikuwa anatafuta leso kwenye mkoba usio wake.

"Mzee," Fintan alisema. "Huko chini... Mbona miaka yote hii hukutusikilizisha?"

"Mlikuwa na kelele," Sinon alijibu.

Walicheka. Kicheko kilifika katikati kikaisha, maana kila mmoja alikuwa amekwisha kuelewa, na kila mmoja akatafuta pa kuweka macho. Dympna aliwaonea huruma, akajionea na yeye mwenyewe. Gus peke yake ndiye aliyekuwa bado nyuma kidogo. Alipangusa mikono, akazunguka kaunta.

"Haya, mzee wangu. Hakuna mwisho mzuri kuliko huo. Nipe niitundike?"

"Subiri, Gus. Nimeitwa, nimepiga. Na mimi nina wito wangu."

"Ni haki yako. Unamwita nani?"

"Namwita Dympna Honan," mzee alisema. "Lakini kwa jina la Mungu na watakatifu wake wote, kwa kodiani."

Baa ikacheka mpaka kuta zikasikia. Dympna aliingiza viganja kwenye mikanda ya kodiani yake, akaanza wimbo wa dansi, ule alioufundishwa na mzee huyu huyu akiwa bado miguu haifiki sakafuni. Aliupiga kwa sauti ya chini, akiacha nafasi. Akaurudia mara moja peke yake. Kwenye mzunguko wa pili fidla ikaja, si juu yake wala chini yake, ubavuni, na mara ya tatu mzee akamwinulia Fintan kidevu, kisha kina Marrinan, mmoja mmoja, nao wakaingia walipoitwa. Safari hii kila mtu alipiga huku ametega sikio upande mmoja. Walipiga nyimbo tatu mfululizo bila kupumzika, na ng'ombe wa Carrowbane siku ile walichelewa kukamuliwa.

Walipomaliza, mzee alikuwa ameloa jasho. Aliiweka fidla magotini pa Dympna, akajivua koti, akatazama huku na huko kutafuta pa kuliweka. Akasimama, akajikongoja mpaka kwenye meko, akalitundika kwenye msumari. Akaushika msumari, akautikisa.

"Msumari wa maana huu, Gus."

Gus alitazama koti, akatazama kibao. "Lakini mzee, jina lako limeshachongwa!"

"Vizuri," Sinon alisema, akirudi kuichukua fidla yake. "Hakuna atakayeuliza koti ni la nani."